Bajaji ya Junagadh, Kasri la Mumbai

Tarehe 10 Oktoba 2025 filamu ya Kigujarati iitwayo Laalo – Krishna Sada Sahaayate iliingia kwenye kumbi za sinema za India kimyakimya. Haikuwa na nyota wa kuvuta watu, ilitengenezwa kwa fedha ndogo, na siku za mwanzo viti vilikuwa vitupu. Ilipopita sikukuu ya Diwali watu wakaanza kuambizana, foleni zikarefuka, na kabla mwaka haujaisha ikawa filamu ya kwanza ya Kigujarati kuvuka mapato ya rupia bilioni 1. Hadithi yake ni ya dereva wa bajaji wa mji wa Junagadh, jimboni Gujarat, mtu wa pombe na madeni, anayenaswa peke yake ndani ya nyumba ya shambani asipate pa kutokea, na humo anaanza kutokewa na Krishna, mungu wa Kihindu. Miezi michache kabla ya hapo, tarehe 29 Julai, runinga ya Star Plus ilikuwa imemrudisha Tulsi Virani, mkaza mwana wa tamthilia aliyetawala sebule za India kuanzia 2000 hadi 2008. Anayemwigiza ni Smriti Irani yuleyule, ambaye katikati hapo alipata kuwa waziri na mwaka 2024 akapoteza kiti chake cha ubunge. Kisha Januari 2026 serikali ya India ikaadhimisha miaka 1,000 tangu sultani Mahmud wa Ghazni, katika Afghanistan ya leo, alipolivamia hekalu la Kihindu la Somnath, lililo pwani ya jimbo hilohilo la Gujarat, mwendo wa saa chache tu kutoka Junagadh. Mambo matatu ndani ya nusu mwaka, yote yakinukia ubani na maua. Haishangazi kwamba wengi wameyafunga kwa kamba moja na kusema India imerudi hekaluni na skrini inaifuata nyuma.

Kamba hiyo, kwa maoni yangu, imefunga vitu visivyofungamana. Tulsi na yule dereva wa bajaji wote wanaitwa Wagujarati, lakini dereva ana mji wake na Tulsi hana wa kwake. Ninachokiona katika mafanikio ya Laalo ni watazamaji waliochoka kuonyeshwa Gujarat isiyokuwepo, wakalipa kiingilio kuiona ile wanayoikanyaga kila siku. Krishna ameingia katika hadithi hiyo kwa sababu Junagadh haisimuliki bila yeye, kama Lamu isivyosimulika bila Maulidi. Mtayarishaji atakayemchukua Mungu na kuuacha mji ataambulia patupu, na nahofia ndivyo wengi watakavyofanya.

Tuanze na runinga, maana ndiko Gujarat ilikouzwa kwa wingi kuliko kokote. Kyunki Saas Bhi Kabhi Bahu Thi, jina ambalo kwa Kiswahili cha pwani tungelisema "kwani hata mavyaa aliwahi kuwa mkaza mwana", ilianza tarehe 3 Julai 2000 na ikaenda zaidi ya sehemu 1,800. Akina Virani ni wafanyabiashara, wanakaa katika kasri liitwalo Shantiniketan, na bibi mkubwa wa nyumba wanamwita Baa. Baadaye wakaja akina Modi wa Rajkot katika Saath Nibhaana Saathiya, na tangu 2020 akina Shah wa Ahmedabad katika Anupamaa. Kwa nini Wagujarati, katika nchi yenye makabila na lugha zote zile? Mumbai, zinakotengenezwa tamthilia hizi, ilikuwa jimbo moja na Gujarat mpaka tarehe 1 Mei 1960, na Wagujarati wa jiji hilo wana jukwaa lao la maigizo lenye umri wa zaidi ya karne, lililolea waandishi na waigizaji wengi waliohamia runingani. Tena familia ya wafanyabiashara, yenye wazee, wana na wake zao chini ya paa moja, ni mtaji tayari kwa mtunzi: kila mlango una siri yake, na kila ufunguo wa kabati una mtu anayeutamani.

Lakini tazama kilichosalia baada ya kuvuka kutoka jukwaani kwenda runingani. Lugha ndiyo iliyotupwa mwanzo. Akina Virani wanaongea Kihindi na kutia chumvi ya Kigujarati, neno hapa, salamu pale. Kisha mji nao ukatupwa. Anupamaa, mama wa Ahmedabad, chimbuko lake ni Sreemoyee, tamthilia ya Kibengali. Alibadilishiwa namna ya kuvaa sari, akabadilishiwa mapishi, safari ikaendelea. Nyumba yake iko kwenye studio za Film City, Mumbai, na seti hiyo ilipoteketea Juni 2025, basi nyumba ya Ahmedabad iliungua karibu kilomita 500 kutoka Ahmedabad. Sisi tunaozipokea tamthilia hizi kwenye visimbuzi, zikiwa zimetiwa sauti za Kiswahili, tunapata ganda la ganda: Kigujarati kilivuliwa Mumbai, Kihindi kikavuliwa huku kwetu, na anayebaki ni mavyaa mwenye macho makali na kamera inayomrukia mara tatu kila akikasirika. Jirani yangu mmoja, mtazamaji asiyekosa hata siku moja, aliwahi kuniuliza kama kweli Wahindi hulala na vito vyao. Nilicheka, ila swali lilikuwa la haki, ndicho alichoonyeshwa.

Niseme pia kwamba vichekesho viliponea chupuchupu. Taarak Mehta Ka Ooltah Chashmah, iliyoanza 2008 na bado inaendelea, ilitokana na safu ya Taarak Mehta katika jarida la Kigujarati la Chitralekha, na muuza vifaa vya umeme wake, Jethalal, ana harufu ya duka halisi. Wala haijifanyi iko Gujarat; inasema waziwazi kwamba hao ni watu wa Mumbai.

Kuna kitu kimoja ambacho tamthilia za familia zilirithi bila kukiri, nacho ni madhabahu. Ramayan ya Ramanand Sagar, tamthilia ya kisa cha mungu Ram iliyorushwa na runinga ya taifa, Doordarshan, kuanzia Januari 1987 hadi Julai 1988, ilipigwa Umbergaon, kusini mwa Gujarat. Ravan wake, yaani adui wa Ram, alikuwa Arvind Trivedi, mtu wa jukwaa na sinema ya Kigujarati. Jumapili asubuhi mitaa ilikuwa ikibaki mitupu; watu walioga kwanza, wakaivisha runinga mashada ya maua na kuifukizia ubani. Wahindu wana neno darshan, maana yake kumwona Mungu na kuonwa naye, na mwaka ule kioo cha runinga kilibeba kazi hiyo. Waliokuja baadaye waliliona soko. Hekalu likahamia ndani ya kasri, chumba kimoja chenye marumaru na kengele, mahali pa mkaza mwana mwema kulia na mkaza mwana mbaya kula njama. Ukisimamisha picha huwezi kujua ni hekalu la Gujarat, la Rajasthan au la duka la mapambo. Mtu aliyezoea kuona hekalu la namna hiyo kila jioni kwa miaka 25 hana budi kuamini kwamba mahekalu yote ni hayohayo.

Sinema ya Kigujarati ilipita njia nyingine, yenye aibu zaidi. Filamu yake ya kwanza yenye sauti, Narsinh Mehta ya 1932, ilimhusu mshairi mtakatifu wa karne ya 15 aliyeishi, tazama maajabu, Junagadh. Kisa chake maarufu kuliko vyote kinahusu neno tunalolitumia sisi benki hadi leo. Mahujaji waliokuwa wakienda Dwarka, mji mtakatifu wa Krishna, waliogopa kubeba fedha njiani, wakatafuta mfanyabiashara wa kuwaandikia hundi. Wahuni wa mjini wakawaelekeza kwa Narsinh, fukara asiye na hata duka, ili wamcheke. Narsinh akapokea fedha, akaziandikia hundi kwa jina la Shamalsha, yaani Krishna mwenyewe, kisha akazitumia zote kwa masikini. Dwarka hakuna aliyemjua mfanyabiashara wa jina hilo, mpaka Krishna akajitokeza na kilemba na daftari, akalipa. Huyo ndiye Mungu wa Junagadh: anaheshimu hati ya deni. Ukilijua hilo, dereva wa bajaji mwenye madeni anayetokewa na Krishna mwaka 2025 hatoki kwenye wimbi lolote la jana na juzi. Ni kisa cha mji uleule, kilichosubiri miaka zaidi ya 90 tangu filamu ile ya kwanza kupata gari jipya.

Katikati hapo kulikuwa na jangwa. Miaka ya 1970 serikali ya jimbo iliposamehe filamu za Kigujarati kodi ya burudani, uzalishaji uliongezeka, lakini wingi wa kazi ulikuwa ni ngano za mashujaa, vilemba vyekundu na ngoma za kijijini, na wasomi wa mjini wakaona haya kukaa kwenye ukumbi mmoja na filamu hizo. Walienda kwenye filamu za Kihindi, au kwenye maigizo ya jukwaani. Mabadiliko yalianza 2012, Abhishek Jain alipotoa Kevi Rite Jaish, kuhusu familia inayohangaikia viza ya Marekani, jambo ambalo kila nyumba ya Gujarat inalijua. Hellaro ya 2019, ya wanawake wa eneo la Kutch wanaocheza ngoma ya garba kwa siri jangwani, ikawa filamu ya kwanza ya Kigujarati kutwaa tuzo ya taifa ya filamu bora. Chhello Show ya Pan Nalin, kuhusu mtoto wa eneo la Saurashtra anayependa mwanga wa projekta kuliko shule, iliteuliwa na India kugombea Oscar. Na Vash ya 2023, filamu ya kutisha ambamo uchawi unafanya kazi na dua hazisaidii sana, ilinunuliwa na kutengenezwa upya kwa Kihindi. Orodha hiyo ina viza, ngoma, projekta na mchawi. Asemaye kwamba sinema ya Kigujarati imefufuliwa na dini ameanza kuhesabu kuanzia Oktoba 2025.

Sasa tuwape haki yao wanaosema ni wimbi la dini, maana hoja yao si nyepesi. Januari 2024 lilizinduliwa hekalu la Ram huko Ayodhya mbele ya taifa zima. Julai 2025 filamu ya katuni Mahavatar Narsimha, ya masimulizi matakatifu, ilijaza kumbi ambako wengi hawakutarajia. Mtu anayeingia sinema siku hizi anaingia akiwa tayari amewashwa taa moyoni na siasa na televisheni za habari. Nakubali kwamba bila hali hiyo ya hewa huenda Laalo isingefika bilioni. Lakini hali ya hewa haiteui shamba litakalozaa. Adipurush ya 2023 ilikuwa na Ram, fedha za kutupa na nyota wakubwa, na waumini wenyewe ndio waliokuwa wa kwanza kuizomea, hasa kwa namna Hanuman, mungu mwenye sura ya nyani, alivyowekewa maneno ya vijiweni. Watengenezaji walilazimika kubadilisha baadhi ya mazungumzo ikiwa tayari ukumbini. Upande wa pili, Kantara ya 2022 na ile iliyoifuata Oktoba 2025 zilishinda kwa mizimu ya pwani ya Karnataka ambayo Wahindi wengi wa kaskazini hawakuwahi kuisikia. Imani ilikuwa kwenye filamu zote hizo. Kilichozitenganisha ni kama mtazamaji alihisi kuna ardhi chini ya miguu ya huyo Mungu.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayotoka kwa watetezi wa tamthilia: kwamba zimehifadhi utamaduni wa Kigujarati na wa nyumba ya Kihindu kwa jumla. Zimehifadhi nini? Wafanyabiashara wa Gujarat wana desturi siku ya Diwali ya kuliombea baraka daftari jipya la hesabu, chopda pujan, ibada ambayo ndani yake zimo dini, biashara, wino na hofu ya hasara. Ni tendo zuri la kuigiza kuliko mavyaa mia. Mimi binafsi sikumbuki tamthilia iliyolipa uzito. Nakumbuka taa, sari na mtu anayeanguka ngazini. Utamaduni uliovuliwa lugha, kazi na mji ni vazi la sherehe. Nitawaunga mkono watetezi hao kwa jambo moja tu, ambalo wao wenyewe hawalisemi. Mwaka 2009 wanauchumi Robert Jensen na Emily Oster walichapisha utafiti kuhusu vijiji vya India vilivyofikiwa na runinga ya kebo, wakakuta wanawake wa huko wanaoona ni halali mume kumpiga mke wamepungua, na hamu ya kuzaa wa kiume tu imepungua. Kwa hiyo wanaozidharau tamthilia kama upuuzi wa wanawake nao wamekosea. Zilibadilisha vijiji. Ila zilifanya hivyo kwa kuonyesha maisha ya mbali na kijiji, kinyume kabisa na kuhifadhi.

Hapo ndipo mahekalu ya kale yanapoingia, kwa sababu yanatendewa vilevile. Nenda Modhera, kaskazini mwa Gujarat. Hekalu la jua lililopo hapo lilijengwa enzi za mfalme Bhima wa Kwanza wa ukoo wa Solanki. Limepangwa kuelekea mashariki ili siku mchana na usiku vinapolingana jua la asubuhi liingie hadi chumba cha ndani. Mbele yake kuna bwawa la ngazi lenye vihekalu 108 pembeni. Ndani hamna sanamu wala ibada, ni mawe na walinzi wa idara ya mambo ya kale. Maandishi yaliyomo yanataja mwaka unaolingana na 1026 au 1027. Mwaka 1026 ndio huohuo Mahmud alipoipiga Somnath, na mfalme aliyelikimbia jeshi la Mahmud ni Bhima huyohuyo. Kwa maneno mengine, Gujarat iliyovunjiwa hekalu ilikuwa inachonga jingine wakati uleule, au mara tu baadaye. Januari 2026 iliadhimishwa milenia ya kuvunjwa, lakini milenia ya kuchongwa imepewa nafasi finyu sana. Mavyaa na mkaza mwana wanagombana, mhalifu anaingia, familia inasimama upya: simulizi la Somnath limekuwa tamthilia ya jioni, na Modhera haina nafasi humo kwa kuwa hamna wa kulia.

Somnath yenyewe inastahili kutazamwa kwa jicho la mtu wa hadithi. Aliyepigania ijengwe upya baada ya uhuru, pamoja na kiongozi Sardar Patel, ni K. M. Munshi, mwanasiasa ambaye kabla ya hapo alikuwa mtunzi wa riwaya za kihistoria za Kigujarati, mojawapo ikihusu Somnath. Magofu ya kale yalibomolewa 1950 ili kupisha jengo jipya lililochorwa na Prabhashankar Sompura, na tarehe 11 Mei 1951 Rais Rajendra Prasad alihudhuria uzinduzi ingawa Waziri Mkuu Nehru hakupenda. Mjukuu wa Sompura ndiye aliyechora hekalu la Ayodhya. Riwaya ilitangulia, jiwe likafuata. Sisemi hilo kwa kejeli. Waumini wanaomiminika pale kila siku ni wa kweli, na dua zao ni za kweli. Nasema ili ijulikane kwamba hadithi zinazosimuliwa Gujarat zina tabia ya kugeuka saruji, na kwa hiyo si jambo dogo nani anasimulia na anaacha nini.

Vinavyoachwa ni vingi. Chini ya mlima Girnar, hapohapo Junagadh kwa dereva wetu wa bajaji, kuna jabali moja lililoandikwa na wafalme mara tatu: na Ashoka karne ya 3 kabla ya Kristo, na Rudradaman mnamo mwaka 150, na enzi za Skandagupta karne ya 5. Maandishi ya Rudradaman yanaeleza dhoruba iliyopasua bwawa la Sudarshana na jinsi alivyolijenga upya bila kuwatwisha wananchi kodi mpya wala kazi ya kulazimishwa. Karibu miaka 300 baadaye bwawa lilipasuka tena, likatengenezwa tena, ikaandikwa tena. Urithi wa kale wa mji huu unazungumza kuhusu maji, fundi na nani alilipa.

Halafu kuna maandishi ya Veraval ya mwaka 1264, kilomita chache kutoka Somnath. Nuruddin Firuz, tajiri wa meli kutoka Hormuz, wa bahari hiihii ya pepo za kaskazi na kusi iliyoleta majahazi Mombasa na Unguja, alipata kiwanja cha msikiti katika mji wa Somnath kwa msaada wa wakubwa wa Kihindu wa hapo, miaka 238 baada ya Mahmud. Makubaliano yakachongwa kwa lugha mbili. Ile ya Kisanskriti inaanza kwa kumsalimu Mungu kwa jina la Vishvanatha, Bwana wa ulimwengu, kwa adabu zote. Ile ya Kiarabu inaomba Somnath iwe siku moja mji wa Uislamu. Kila upande ukasoma kilichoupendeza, mapato yatakayobaki yakaelekezwa Makka na Madina, na biashara ikaendelea. Hakuna mtunzi wa mavyaa na mkaza mwana aliyewahi kubuni njama tamu kuliko hiyo, yenye hila, heshima, unafiki kidogo na fedha nyingi, yote katika mtaa mmoja wa Gujarat. Watayarishaji sasa wanawinda Laalo ya pili. Naona watamtafuta Krishna mwingine wa kumtia ndani ya kasri la Film City. Mimi namsubiri atakayepeleka kamera Veraval, na awaachie watu wa hapo waongee lugha yao.